Fremu za Nati

Mpiga Video hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, jua la mchana likiwaka, fremu ameibeba begani kama mtu aliyebeba mlango uliong'olewa, mkono wake wa pili umefungwa bandeji kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Hakusalimia. Aliibwaga fremu juu ya meza ya kazi hata koleo na misumari vikaruka.

"Binti yako yuko wapi?"

Cheche, kama mtaa mzima ulivyomwita yule fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameinama anakata nondo. Alizima grainda, akavua miwani, akamtazama mgeni kwa ule mtindo wake wa siku hizi, kichwa amekigeuza upande kidogo, kama kuku anayechungulia punje.

"Amekwenda kununua rangi. Kwani kuna nini, kijana wangu?"

"Kuna nini? Hii kitu imeanguka, mzee! Nimekaa chini yake nafanya kazi za watu, nasikia kaa! Kushtuka, kompyuta nzima iko juu ya mkono wangu, feni bado zinazunguka. Unaona hapa? Nimeshonwa. Na huo mkono ndio nafuu. Diski zimepasuka. Harusi ya watu ilikuwa mle, mzee. Harusi nzima. Nikawaambie nini, waoane tena?"

Fremu yenyewe ilikuwa moja ya zile ambazo vijana wapenda kompyuta walikuwa wanazigombania mwaka ule. Hao si watu wa kununua kompyuta dukani na kuiweka chini ya meza. Wananunua kipande kimoja kimoja, wanaunganisha wenyewe, na wakishaunganisha hawataki kuficha kazi yao ndani ya boksi. Kwa ajili yao Nati, binti wa Cheche, alibuni bamba la chuma lenye vikono, unafunga juu yake bodi, feni, kadi na nyaya, kila kitu kikiwa nje nje, halafu unaning'iniza ukutani pale ambapo watu wengine huning'iniza picha za familia. Joto linatoka bila kizuizi, vumbi unalifuta kwa brashi, na mgeni akiingia anabaki ameduwaa. Pembeni ya kila fremu Nati aligonga alama ya nati ndogo. Wateja wakaziita fremu za Nati, na baba mtu alikuwa akilisikia jina hilo anatabasamu peke yake.

Sasa hakutabasamu. Alipeleka kidole gumba kwenye mkono wa fremu uliokatika, akakitembeza juu ya mshono wa kuchomelea. Ulikuwa mshono mnene, mzuri, umenyooka. Ila haukuwa mahali pake. Ulikuwa umepita kando ya maungio, ukakilalia chuma kimoja na kukiacha cha pili kimeshikwa na rangi tu. Kidole kilisimama pale. Nati alipima, alikata, alitoboa, alipaka rangi. Lakini kuchomelea mikono inayobeba uzito ilikuwa kazi ya Cheche peke yake, na hakuwahi kumruhusu binti yake aiguse.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi, mzee," Mpiga Video alisema, sauti imeshuka kidogo. "Grili za nyumbani kwetu ulizichomelea wewe, mpaka leo ziko imara. Hii ni kazi ya mtoto. Kosa lako ni kumwachia mtoto kazi ya watu wazima."

Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Cheche alilisikia kabisa, limekaa juu ya ulimi, jepesi, likisubiri kutoka. Kwa Seremala, jirani wa karakana, randa ilikuwa imenyamaza; maana yake masikio yalikuwa yamesimama.

"Nitazungumza naye," Cheche alisema.

*

Nati aliingia nyumbani jioni ile akiwa na fremu mkononi. Alikuwa amekwisha kuiona, amekwisha kuigeuza na kukwangua rangi kwa bisibisi. Aliilaza sakafuni katikati ya chumba, kati ya beseni la mama yake la viazi na miguu ya baba yake.

"Baba, huu mshono ni wako."

"Punguza sauti," alisema Mama Nati bila kuinua uso kwenye viazi. "Huo ukuta ni wa mabati, si wa matofali."

"Nimesema tu ni wake. Sijapiga kelele."

Cheche alikuwa ananawa mikono, na alinawa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. "Siku ile umeme ulikuwa unayumba," alisema. "Mashine haikushika vizuri."

"Imeshika vizuri sana. Imeshika pembeni. Wewe hukuona maungio yako wapi." Alimkaribia. "Baba, hivi ni vidole vingapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Vingapi?"

Mama Nati aliweka kisu chini. Yeye alikuwa amejua siku nyingi. Alijua tangu mumewe alipoanza kumwaga chai pembeni ya kikombe na kudai kikombe ndicho kibovu. Alijua aliposikia amepita mbele ya shemeji yake barabarani bila kumsalimia, shemeji akanuna wiki nzima. Macho yaliyotazama moto wa kuchomelea tangu ujana, mara nyingi bila ngao kwa sababu ngao ilikuwa inamchelewesha, yalikuwa yameota ukungu katikati. Vitu vya pembeni aliviona. Kile alichokitazama ndicho kilichofutika.

"Kwa hiyo kesho tunakwenda kwa Mpiga Video," Nati alisema, "tunamweleza. Na tunapita kwa wote waliochukua fremu, tunazikagua moja moja."

"Tunamweleza nini?" mama mtu aliuliza. "Kwamba fundi Cheche haoni? Umesahau kuna ngazi za shule?"

Hakuna aliyekuwa amesahau. Mkandarasi alikuwa amempa Cheche reli zote za ngazi za jengo jipya la shule, ghorofa tatu, kazi ambayo nyumba hii haijawahi kuiona. Malipo ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kuwa ada ya wadogo zake Nati na paa jipya la chumba cha nyuma.

"Mwanangu, kaa hapa," Mama Nati alisema, akagonga mkeka kando yake. Nati alikaa. "Nisikilize vizuri, usinikasirikie. Wewe wakisema umekosea, watasema ni mtoto wa kike, hajui kazi. Wataongea, watacheka, yatakwisha. Hakuna aliyekuwa amekutegemea kwa lolote. Baba yako wakisema amekosea, basi. Hakuna geti, hakuna dirisha, hakuna ngazi. Tutakula nini humu ndani?"

"Kwa hiyo niseme ni mimi."

"Nani kasema useme? Usiseme kitu. Nyamaza tu."

Nati alimtazama baba yake. Alimpa nafasi, alimsubiri kama mtu anavyomsubiri mwenzake amalize kuvaa viatu waondoke. Cheche alikuwa amefunika uso kwa taulo, anajifuta maji, na taulo halikutoka usoni.

"Haya," Nati alisema. Akaichukua fremu yake, akatoka nayo nje.

*

Vijana wale walikuwa na kundi lao kwenye simu, na Mpiga Video alikuwa ameweka humo picha: mkono ulioshonwa, diski zilizopasuka, na ile alama ya nati kwa karibu. Hakuandika matusi. Aliandika tu kwamba wenye fremu hizi waziteremshe kabla hazijawaua. Wengine ndio waliomalizia. Mmoja alisema alijua tangu mwanzo, maana msichana gani anachomelea. Mwingine, ambaye mwezi uliopita alikuwa amepiga picha na Nati akiwa ameshika fremu kifuani kama cheti, aliandika kwamba aliinunua kwa kumhurumia.

Fremu zikaanza kurudi. Nyingine zilikuja na wenyewe, nyingine na waendesha pikipiki waliozitupa mlangoni na kuondoka. Nati alizipokea zote. Alizikagua kwa nyundo ndogo, akisikiliza mlio. Nyingi zilikuwa nzima kabisa. Hata kijana mmoja mnene, mwenye kofia aliyoivaa kinyumenyume, alirudisha fremu ambayo ungeweza kuning'inizia ng'ombe.

"Hii haina tatizo, kaka," Nati alimwambia. "Sikiliza na wewe. Inalia vizuri."

"Sitaki kusikiliza. Nataka kulala usingizi."

Seremala alichungulia juu ya ukuta mfupi uliotenganisha karakana zao. "Nati! Sasa tengeneza za mbao. Zikianguka, angalau tunapikia."

Alicheka mwenyewe. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, akarudi kwenye randa yake. Cheche alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, anatafuta kalamu ya chaki iliyokuwa mbele yake mezani.

Kisha simu ikatoka kwa yule waliyemwita Mwenyekiti, aliyekuwa anaandaa maonyesho ya kompyuta kwenye ukumbi wa mjini. Nati alikuwa amepewa meza. Tangu apewe alikuwa ametengeneza fremu moja ya maonyesho tu, umbo la jani, mishipa yake ndimo zitakamopita nyaya. Mwenyekiti alizungumza kwa upole mwingi, upole wa mtu anayefunga mlango taratibu usilie.

"Si kwamba tumekufukuza, dada. Ni kwamba kwa sasa watu wana hasira. Mwaka kesho, Mungu akipenda, tutaona."

"Na ile meza?"

"Tumempa mtu wa vinywaji."

*

Nati alikwenda kumwomba radhi Mpiga Video bila kutumwa. Alijiambia anakwenda kukagua skrubu zilizobaki ukutani, lakini moyoni alijua anakwenda kwa sababu mtu ameumia na hakuna mwingine atakayekwenda.

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo. Ukutani palikuwa na mashimo manne na mchirizi mrefu ambapo chuma kilikwangua plasta kikishuka. Mpiga Video alikuwa anatumia kompyuta ya kuazima, anabofya kwa mkono wa kushoto. Kwenye stuli kando yake alikaa mwanamke kijana, hina ya harusi ikiwa imeanza kufifia mikononi, macho ameikodolea skrini iliyokuwa haina kitu.

"Ndiye huyu?" mwanamke aliuliza.

"Ndiye," Mpiga Video alijibu.

Nati alisimama mlangoni. Hakukaribishwa kuketi, na kiti chenyewe hakikuwepo.

"Picha za mnato zipo," bibi harusi alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Picha ninazo. Lakini baba yangu alicheza siku ile. Huyo mtu hakuwahi kucheza maisha yake yote, hata kupiga makofi alikuwa anapiga kama anafukuza nzi. Siku ile akasimama, akavua koti, akacheza. Tukacheka mpaka tukalia. Siku chache baadaye akafariki. Nikasema si neno, kuna video, nitawaonyesha wanangu babu yao." Alimgeukia Nati. "Wewe una baba?"

"Ninaye."

"Basi hutaelewa."

Angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, mtoto angeweza kuyasema. Aliyaona yakitoka chumbani humo, yakishuka barabarani, yakiingia ofisini kwa Mkandarasi, yakiingia nyumbani na kukaa mezani na wadogo zake.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nimekosa."

Bibi harusi alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Mpiga Video alikohoa. "Umesikika," alisema. "Nenda tu, Nati. Na hizo skrubu ziache."

*

Ni kazi ya shule iliyomaliza ubishi. Nati alikuwa amempelekea baba yake chakula cha mchana kwenye jengo, akapanda ngazi huku mkono wake umeshika reli mpya, na kwenye kona ya ghorofa ya pili reli ikamfuata mkono. Alisimama. Aliitikisa. Nguzo ilicheza chini kama jino la mtoto.

Alitoa nyundo yake mfukoni, akashuka mpaka chini, akaanza kugonga nguzo moja baada ya nyingine akipanda. Nzima. Nzima. Mbovu. Nzima. Mbovu, mbovu. Cheche alimkuta ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, bakuli la chakula limepoa miguuni pake.

"Baba, mimi nimenyamaza kama mlivyotaka. Hapa sitanyamaza. Hapa watapita watoto wanasukumana. Mmoja akiegemea hapa, anakwenda mpaka chini."

Cheche aliketi kando yake, akipapasa ngazi kwanza. Kwa mara ya kwanza hakusingizia umeme.

"Nakisia," alisema. "Ninagusa kwa kidole maungio yalipo, kisha nawasha, na moto ukiwaka sioni tena. Nakwenda kwa kukisia. Zamani nilikuwa nikikisia napata." Aliigusa reli. "Unaweza kuzirekebisha?"

"Naweza. Ulinifundisha mwenyewe, ukanikataza mwenyewe."

"Wasikuone."

Basi Nati akavaa ovaroli ya baba yake na ngao yake ya uso. Alikata mishono mibovu yote kwa grainda, akaichomelea upya, kisha akazichomelea na nguzo ambazo zilikuwa bado, ghorofa kwa ghorofa, amepiga magoti, cheche zikimrukia shingoni. Mishono yake ilikuwa imelala juu ya maungio kama magamba ya samaki. Cheche alikaa chini mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mtu akija, alikuwa anapiga mluzi. Nati anazima, anavua ngao, anashika brashi ya rangi kama msaidizi, na Cheche anapanda ngazi akipumua kwa nguvu kama mtu aliyekuwa kazini tangu asubuhi.

Mkandarasi alikuja kukagua siku ya mwisho. Alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno. Alipita na ufunguo wa gari anagonga kila nguzo, akainama kwenye kona kadhaa, akapitisha kiganja.

"Mzee, mkono wako haujazeeka," alisema hatimaye. "Nilikuwa na wasiwasi, niseme ukweli. Niliposikia habari za zile fremu, nilisema huyu mzee akimleta huyo binti hapa, nasimamisha kazi." Ndipo akamwona Nati na brashi yake. "Usinielewe vibaya, mwanangu. Kupaka rangi unapaka vizuri. Kaa karibu na baba yako, utazame anavyofanya."

"Nitatazama," Nati alisema.

Cheche alifungua mdomo. Mkandarasi alikuwa amekwisha kumpa mkono, na Cheche akaupokea, akautikisa.

*

Jumamosi iliyofuata, Cheche aliamka, akaomba shati lake la kwenda kwenye shughuli, akamwambia Nati ampeleke ukumbini kwenye yale maonyesho.

"Kufanya nini?" Mama Nati aliuliza. "Pesa ya ngazi bado nusu haijalipwa."

"Ninajua."

"Subiri basi walipe. Kisha useme unachotaka kusema, hata kwenye paa."

"Nikisubiri sitasema," Cheche alijibu. "Ninajijua."

Nati alidhani anakwenda kuomba meza. Hakutaka kwenda, lakini barabara kubwa baba yake hawezi kuivuka peke yake, na hilo lilikuwa jambo ambalo nalo nyumba nzima ilijifanya haijui. Mlangoni mwa ukumbi kijana wa kukata tiketi alimtambua. "Wewe, dada, ngoja hapo nje kwanza. Hatutaki fujo." Kisha akamgeukia Cheche, uso umebadilika. "Shikamoo, mzee. Karibu, karibu ndani. Wewe hulipi."

Kwa hiyo Nati alisimama kizingitini na kutazama. Ukumbi ulikuwa umejaa kompyuta za kila umbo, taa zao zinabadilika rangi, feni zinavuma kama mzinga wa nyuki. Hakuna hata moja iliyokuwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa jukwaani anataja washindi. Cheche alikwenda moja kwa moja mbele, akigonga goti kwenye kiti kimoja, akaomba kipaza sauti, na kwa kuwa alikuwa na mvi na shati safi, alipewa.

"Mimi ni fundi Cheche," alisema. Kipaza sauti kililia, watu wakanyamaza. "Ile fremu iliyoanguka, mkono wake niliuchomelea mimi. Si binti yangu. Binti yangu hakuwahi kuchomelea mikono ya fremu hata moja, nilimkataza. Macho yangu yameharibika. Sioni. Nilikosea, nikanyamaza, nikamwacha atukanwe. Nimekuja kusema hivyo tu."

Nati alishika fremu ya mlango. Alihisi kifua kinafunguka kwa maumivu, kama mtu aliyekaa muda mrefu na mzigo kichwani na sasa ametuliwa, shingo bado haiamini.

Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Akafuata wa pili. Ukumbi mzima ukasimama. Mpiga Video, ambaye bandeji yake ilikuwa sasa ndogo, alipanda jukwaani akamkumbatia mzee, na alipochukua kipaza sauti macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona mzazi? Mtu mzima, na heshima yake yote, amekuja kujidhalilisha mbele ya watoto ili amwokoe mwanawe. Mzee, mimi nilikwisha kumsamehe. Alikuja mwenyewe kwangu, akakiri mbele ya bibi harusi. Alisema kwa mdomo wake: nimekosa. Huna haja ya kubeba lake."

"Alikiri kwa ajili yangu," Cheche alisema, lakini kipaza sauti hakikuwa mkononi mwake tena. "Jamani, sioni! Mnanielewa? Sioni!"

"Mzee wangu," yule mnene mwenye kofia alipaza sauti kutoka safu ya kati, "mdogo wangu anasoma ile shule mpya. Jana nimepita pale nimeziona zile reli zako. Mshono kama umechorwa kwa kalamu! Asiyeona anafanya vile?"

Watu wakacheka, kicheko chema, cha mapenzi.

"Zile alichomelea yeye!" Cheche alipiga kelele. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, na hata mlango wenyewe aliukosa. Kidole chake kilielekea kwenye meza ya mtu wa vinywaji. "Zote alichomelea yeye, mimi nilikaa kwenye ndoo!"

Kicheko kikazidi. "Sasa mzee umezidisha," Mwenyekiti alisema, akimshika bega kwa upendo. "Tumekuelewa. Tumekuelewa kabisa. Makofi tena kwa mzee wetu!"

Wakampigia tena. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, amekuja kumsindikiza mwanawe, aligeuka akamtazama Nati kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ungekuwa wangu," alimwambia polepole, "ningekuacha uonje. Una bahati ya baba wewe, na huijui."

Nati alipita katikati ya viti, mbele ya macho yote, mpaka jukwaani, akampa baba yake bega. Cheche aliushika ule mfupa wa bega kama mtu anayezama, akateremka. Walitoka hivyo, yeye mbele hatua moja, baba nyuma yake na mkono juu yake, na vijana wakawapisha. Pale penye baraza kulikuwa na wawili watatu wanaovuta hewa.

"Tazama mzee wa watu," mmoja wao alisema, hakujali kama atasikika. "Baada ya aibu yote ile, bado amemshikilia binti yake. Angekuwa mwingine angemwacha aende zake."

Jua la nje lilikuwa kali mno, na kwa macho ya Cheche dunia yote ilikuwa nyeupe.

"Nimesema, Nati. Umenisikia? Nimesema yote."

"Nimesikia."

"Hawakutaka. Sasa nifanye nini?"

Nati alitazama kushoto, akatazama kulia. Gari moja lilikuwa linakuja, akalisubiri lipite.

"Kuna mtaro mbele yako, Baba," alisema. "Inua mguu."